Mkono Ubavuni mwa Lori

Mwantumu Shekiondo, mwalimu wa madereva, alivaa kizibao, akafunga vifungo vyake vitatu, akaomba mlango ufungwe. Bwana Kihedu, katibu wa Baraza la Njia, aliufunga lakini hakutoka. Alisimama palepale na karatasi zake kama daktari anayesubiri sindano ifanye kazi.

"Kumbukumbu ya lori namba themanini na nane," alisema. "Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Mlima wa Chokaa. Uko tayari, mwalimu?"

Hakuwa tayari, lakini aliitikia kwa kichwa.

Kwanza ulikuja upepo. Kizibao kilikuwa kikimpa kila kitu ambacho ubavu wa kushoto wa lori ulikihisi asubuhi ile: baridi kidogo, vumbi la chokaa likimchonyota kama chumvi, tawi la mti lililomkwaruza mara moja kiunoni. Kisha, chini kidogo ya bega lake, ukaja mkono.

Vidole vinne na kiganja kigumu cha mtu wa kazi. Haukugonga wala haukupapasa. Ulishika tu, kama mtu anavyoshika bega la ndugu yake wakipanda ngazi pamoja. Mwantumu alianza kuhesabu. Kumi. Ishirini. Kwenye ishirini na tano mkono ukaanza kurudi nyuma, taratibu mno, kama wa mtu anayesinzia. Thelathini, ulikuwa mbavuni. Thelathini na nane, nyongani. Arobaini, vidole viwili tu. Arobaini na moja, kikaja kitu kingine pajani, pale lilipo tairi la nyuma, na Mwantumu akapiga ukelele.

Alipofumbua macho alikuta amekumbatia mguu wake mwenyewe.

"Pole," alisema Kihedu, na alionekana kumaanisha. "Ule mkono umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Waziwazi?"

"Waziwazi, Bwana Katibu."

"Basi dereva naye aliusikia." Kihedu aliandika. "Sekunde arobaini na moja mtu amemshika, na hakugusa breki hata mara moja. Sijui moyo wa namna hiyo unatoka wapi."

Mwantumu alifungua kinywa. Maneno yalikuwapo, yamepangana tayari ulimini. Akakifunga.

*

Kabla ya Ngozi, malori ya chokaa yalikuwa yakiua watu ishirini na saba kwa mwaka katika mji wa Tanga, na karibu wote walikuwa wa baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani. Nazi, maziwa, mkaa, wagonjwa na maharusi, vyote vimepita juu ya keria. Dereva wa lori huketi kulia. Upande wake wa kushoto, kuanzia mlango mpaka tairi la mwisho, alikuwa kipofu. Walijaribu vioo. Walijaribu kamera na kengele, na kengele zikalia mno hata madereva wakaziziba kwa matambara.

Ndipo ikaja Ngozi: kitambaa cheusi, chembamba kama ganda la kitunguu, kilichobandikwa ubavuni mwa lori, na uzi mwembamba kuliko unywele uliopandikizwa kando ya uti wa mgongo wa dereva. Kilichougusa ubavu wa lori kilimgusa yeye. Akisogelewa na baiskeli alisisimka mkono. Akikata kona kushoto huku mtu yuko pale, mwili wenyewe ulikataa, kama unavyokataa kuweka kiganja motoni.

Kwa miaka sita hakufa mtu. Mpaka Jumanne.

Na sheria ya Ngozi ilikuwa moja, iliyoandikwa na watu waliochoka kuzika: dereva aliyehisi na asisimame, ang'olewe uzi. Baada ya mwaka wa kwanza uzi huwa umeshikamana na neva. Ukitoka, hutoka na upande mzima. Mkono wa kushoto hauinui tena kikombe, mguu wa kushoto unaburutwa kama mzigo wa mtu mwingine.

*

Mzee Mbaruku Semngindo alikuwa amewekwa kwenye chumba cha stoo nyuma ya ofisi za Baraza, kati ya makopo ya rangi na vibao vya zamani vya barabarani. Alikuwa ameketi juu ya kibao cha "Punguza Mwendo."

"Wamenipa kiti cha heshima," alisema alipomwona. "Karibu, mwalimu. Hiki hapa 'Hakuna Kuegesha,' kalia tu, hawatakukamata."

Mwantumu hakucheka. Aliketi, akatazama mikono ya mzee, yote miwili, iliyotulia magotini.

"Nimeusikiliza mkono wa marehemu," alisema.

"Mimi sikuusikia."

"Najua."

"Nakuambia wewe kwa sababu unajua. Wao nimewaambia sikusikia, wakanionyesha mistari kwenye kioo cha kompyuta yao. 'Huu hapa mkono, mzee.' Nikatazama. Kweli, mkono upo. Nikanyamaza."

"Kwa nini hukuwaambia habari za somo la kumi na moja?"

Semngindo alitazama mlangoni kwanza. "Kwa sababu halimo kitabuni, mwanangu. Nani aliliandika? Wewe hukuliandika. Mimi ningesema nini? Kwamba mwalimu alitukalisha chini, akatuwekea vifuko vya mchanga mabegani wiki tatu, mpaka tukasahau kwamba vipo?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa kwanza wa Ngozi, watu wa baiskeli walikuja chuoni wakilia. Tangu kale, anayepanda Mlima wa Chokaa na mzigo hudandia: hushika ubavu wa lori linalokwenda mwendo wa kobe, likamvuta mpaka juu. Ngozi ilipokuja, kila walipodandia dereva alishtuka akakanyaga breki, na wao wakaruka na nazi zao mpaka mtaroni. Mwanamke mmoja alifungua mtandio akamwonyesha Mwantumu mshono wa utosini. "Mnatuokoa au mnatukomoa?" aliuliza.

Mwantumu alimwonea huruma. Hapo ndipo penye kosa lake, na hata sasa hakuweza kulichukia kosa hilo. Aliwafundisha madereva kuuzoea mkono uliotulia, kama mtu anavyoizoea saa yake kifundoni. Hakuandika popote, maana Baraza lilikataza kudandia na lisingekubali. Aliwaambia madereva, "Mkono ukitulia, uacheni. Ukihama, mwili utashtuka wenyewe." Miaka mitano ilikuwa kweli. Hakumfikiria mtu atakayehama polepole hivyo, kwa uchovu tu, kidogo kidogo, hadi kwenye tairi.

"Kesho nitasema," alisema Mwantumu.

"Hutasema."

"Mzee, watakung'oa uzi!"

"Nina miaka sitini na mbili. Huu upande wa kushoto umeshanitumikia." Alijaribu kutabasamu na midomo ikamkataa. "Sikiliza. Ukisema, watauliza: ni madereva wangapi wamefundishwa? Utasema nini?"

"Wote."

"Wote. Mia na arobaini. Basi watazima Ngozi zote siku hiyohiyo, na malori hayatasimama, unawajua wale wenye malori. Yatapita mlimani vipofu kama zamani. Niambie, wewe uliyesoma: upande mmoja wa mzee mmoja, na watu ishirini na saba. Hesabu gani hiyo inakushinda?"

"Na mkono mwingine ukihama polepole wiki ijayo?"

Mzee aliokota kipande cha rangi kavu sakafuni, akakibonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto, kwa makini, kama anayejifunza sura yake.

*

Jioni alikwenda msibani kwa marehemu. Hatibu Bakuza alikuwa mchukuzi wa maziwa, na madumu yake mawili yalikuwa bado yamefungwa kwenye baiskeli iliyopondwa, imeegemezwa ukutani nje kwa sababu hakuna aliyejua aiweke wapi. Mwantumu aliketi mkekani pamoja na wanawake. Mjane, Bi Sauda, alimpa mkono bila kumjua.

"Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Wa chuo cha madereva, mama."

Mazungumzo yalikatika mkeka mzima. Shangazi mmoja alisonya. Lakini Bi Sauda hakuutoa mkono wake.

"Mume wangu aliyapenda yale malori yenu," alisema. "Wenziwe wakimwambia, 'Hatibu, utakufa kwa kudandia,' anawajibu, 'Lori siku hizi linaujua mkono wangu. Nikishika, mwenyewe huko ndani anasema huyu Hatibu.' Alikuwa akilisalimia, unaamini? Analiinamia kidogo, 'Shikamoo, bwana mkubwa,' ndipo anashika." Alimtazama Mwantumu kwa macho makavu, yaliyochoka. "Nataka kujua kitu kimoja tu, nipate kulala. Yule dereva, alijua kwamba ni mtu?"

Mwantumu alitaka kusema ndiyo. Alitaka kusema hapana. Chumba kizima kilikuwa kikimsubiri.

"Mama," alisema, "kesho njoo Barazani. Jibu lako ninalo mimi, na sitaki ulisikie hapa peke yako nikaja kulibadilisha huko."

*

Alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo hata mwenyekiti wa Baraza akamwambia arudie mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Alisimulia habari za vifuko vya mchanga. Alisema ni wazo lake, peke yake, na kwamba Mzee Semngindo hakuusikia mkono wa marehemu kwa sababu yeye Mwantumu alimfundisha asiusikie.

"Uongo wa huruma," alisema Kihedu. "Huyu ni mwanafunzi wake wa kwanza."

"Mpimeni dereva yeyote," alisema Mwantumu. "Chagueni ninyi."

Wakatoka uani. Lori namba kumi na mbili lilikuwa limeegeshwa pale. Wakamwita dereva wake, kijana wa Pongwe aliyeitwa Mganga Semhando, wakamwambia aketi kwenye usukani, atazame mbele, na apige honi mara tu atakapoguswa. Kihedu mwenyewe alivua koti. Aliweka kiganja kwenye Ngozi, karibu na mlango, akatulia. Kisha akaanza kukirudisha nyuma, polepole, akitembea kwa vidole vya miguu.

Honi haikulia. Alipita katikati ya lori. Alipita tangi. Uso wake ulianza kubadilika. Akafika kwenye tairi la nyuma, akaugusa mpira kwa ncha za vidole, akainua macho kumtazama mwenyekiti.

Kichwa cha Mganga kikachungulia dirishani. "Wazee, mbona hamuanzi? Mimi niko tayari."

Bi Sauda aliketi chini palepale, juu ya kokoto.

Hukumu ilisomwa kabla ya adhuhuri. Mbaruku Semngindo hana hatia. Mwantumu Shekiondo si mwalimu tena kuanzia saa hiyo, na shauri lake litasikilizwa baadaye. Ngozi zote mia na arobaini zizimwe alfajiri, mpaka madereva wafundishwe upya, jambo ambalo Mwantumu mwenyewe, alipoulizwa, alisema litachukua wiki tisa.

"Na malori?" aliuliza.

"Yatatumia vioo."

"Vioo ndivyo vilivyokuwa vikiua! Bwana Mwenyekiti, yasimamisheni. Au wekeni mtu mmoja kiti cha kushoto kwa kila lori, atoe kichwa nje, aangalie. Mtu tu, hata asiyejua kuendesha."

"Watu mia na arobaini, kwa wiki tisa?" Mwenyekiti alikuwa akikusanya faili zake. "Meli zinasubiri chokaa, binti. Tutalitazama pendekezo lako."

Nje, Semngindo alimpita bila kumtazama. Mwantumu alimfuata mpaka getini.

"Mzee."

Aligeuka. Mwantumu hakuwahi kuona hasira kama ile kwenye uso mpole. "Nilikuomba! Nilikuomba kama baba anavyoomba! Umenirudishia mkono wangu, haya, asante. Nikautumie kufanya nini? Kuzikia?"

Nyuma yao Bi Sauda alikuwa akitoka, ameshikwa na dada zake. Alipofika usawa wa Mwantumu alisimama.

"Kwa hiyo hakujua," alisema.

"Hakujua, mama. Mimi ndiye."

Bi Sauda alitikisa kichwa polepole, si kwa kusamehe. Akaenda zake.

*

Alfajiri Mwantumu alikuwa kwenye lango la machimbo, amevaa viatu vya raba na mtandio aliokaza kidevuni. Malori yalikuwa yamepanga foleni, Ngozi zao zimekufa, hazing'ai tena zikipigwa na mwanga. Madereva waliokuwa nje walizungumza kwa sauti za chini. Mmoja alikuwa akijisugua bega la kushoto tena na tena, kama aliyeingiwa na ganzi.

Alilikuta namba themanini na nane. Semngindo alimtazama kutoka juu.

"Kiti cha kushoto kina mtu?" aliuliza Mwantumu.

"Sasa hivi hakina."

"Naomba nikae."

"Umeshafukuzwa wewe."

"Ndiyo, mzee."

Mzee alinyoosha mkono akafungua mlango wa upande wa pili. "Panda," alisema.

Wakatoka, wa tatu kwenye foleni. Mwantumu alitoa kichwa na bega nje ya dirisha na vumbi likampiga machoni. Barabara ya Mlima wa Chokaa imekatwa katikati ya jiwe. Ni nyembamba, ukuta huku na ukuta huku. Baiskeli zilikuwa zimeshaanza kupanda. Aliona migongo tu: mkaa, mikungu ya ndizi, kitanda kilichokunjwa, mama na kikapu cha samaki.

"Wawili mbele, kushoto," alisema. "Sogea kulia kidogo. Kidogo tena. Wamepita."

"Ndiyo."

"Mmoja anakuja usawa wa tairi la mbele. Ana dumu." Sauti yake ilipanda. "Anataka kushika, mzee. Ameshika."

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limemganda mgongoni, na kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya Ngozi iliyokufa kwa imani yote ya miaka mitano. Alipomwona Mwantumu dirishani alicheka. "Ah! Leo bwana mkubwa ana kichwa cha pili?"

"Kaka, achia! Ngozi imezimwa, hatukusikii!"

"Nini?"

"Hatukusikii!"

"Mlima huu na lita arobaini, dada yangu, niachie niende wapi?"

Mwantumu alishusha mkono wake, akamkamata kifundo cha mkono. Sasa angalau kulikuwa na mtu aliyejua kwamba yupo. Hapo ndipo alipotazama nyuma. Lori lililowafuata lilikuwa namba kumi na mbili, la Mganga. Kiti chake cha kushoto kilikuwa kitupu, na ubavuni mwake walikuwa wamedandia watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Nyuma ya hilo kulikuwa na lori jingine, na mkono. Na jingine tena, mpaka vumbi lilipoficha. Mbele ilikuwa kona ya kushoto.

Alipiga kelele. Hakuna aliyeinua kichwa. Huko nje sauti yake ilimfikia mtu mmoja tu, yule aliyekuwa amemshika.

"Mzee, simama!"

"Kuna nini? Yuko wapi?"

"Huyu nimemshika. Ni wa nyuma, wote wa nyuma, siwezi kuwafikia. Simama uizibe njia."

Semngindo alimtupia jicho. "Nikisimama hapa na tani hizi, siondoki tena bila kuvutwa. Hakuna atakayepita, leo wala kesho."

"Ndiyo."

"Wataleta polisi."

"Waje nao. Waje na watu wa kukaa kushoto, wote mia na arobaini, ndipo tutaondoka."

Mzee alihema mara moja. Mkono wake wa kushoto, ule uliosalimika, ulishika handibreki. Alikata usukani kulia taratibu, Mwantumu akimwambia kila hatua, wazi, wazi, bado wazi, mpaka lori likakingama na pua yake ikagusa jiwe. Kisha akavuta. Injini ikazimwa. Nyuma yao honi zilianza, moja, kumi, kisha mlima mzima, na mlio wa breki ukashuka kutoka lori hadi lori mpaka chini kabisa.

Mtu wa maziwa aliweka mguu chini. Alitazama mbele, akatazama nyuma, akautazama mkono wa Mwantumu uliokuwa bado umemkaza kifundoni.

"Dada," aliuliza, "kuna nini huko mbele?"

"Hakuna kitu, kaka," alisema Mwantumu. "Sisi ndio tumesimama."